Doa na Uchafu Si Kitu Kimoja



Baba mmoja alijiandaa kwenda kwenye mkutano wa kijiji. Alimwomba mkewe shati lake jeupe. Mkewe akalitoa kwenye kamba, akampa. Baba akalitazama, akakunja uso.

"Mama, shati hili hukulifua."

"Baba, nimelifua mara tatu. Tazama vidole vyangu."

"Kama umelifua, haya meusi ni nini?"

"Hayo ni ya ndizi. Hayatoki."

"Kitu gani kisichotoka kwa sabuni? Sema tu umechoka kufua."

Mkewe akanyamaza. Baba akavaa shati lingine, akaenda zake. Mama akachukua lile jeupe, akalisugua mara ya nne juu ya jiwe. Jioni madoa yalikuwa pale pale. Juu ya doa moja palikuwa na tundu.

Haya yalitokea katika kijiji kimoja cha Rungwe, ambako ninafanya kazi ya elimu ya watu wazima. Mama huyo ni mwanakisomo wa darasa letu. Alilileta lile shati darasani na kuniuliza, "Mwalimu, mimi ni mchafu?" Siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Somo hili ndilo jibu lake.

UCHAFU HUKAA JUU

Tuanze na uchafu wa kawaida. Umevaa nguo kutwa nzima. Mwili wako umetoa jasho na mafuta. Hata mtu asiyejipaka mafuta, ngozi yake hutoa mafuta kidogo. Mafuta hayo hushika nguo. Kisha huja vumbi la njiani, moshi wa jikoni na majivu. Vyote hunata kwenye mafuta hayo. Ndiyo maana kola ya shati huchafuka mapema kuliko mgongo. Shingo hutoa jasho na mafuta, tena husuguana na kola kutwa.

Maji peke yake hayaondoi uchafu huo. Kwa nini? Hebu tufanye jaribio. Chukua glasi ya maji. Tia tone moja la mafuta ya kupikia. Koroga. Ukiacha kukoroga, mafuta yanapanda juu na kuelea. Maji na mafuta hayaelewani.

Sasa tia sabuni kidogo, ukoroge tena. Maji yamekuwa meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Mafuta yamekatika vipande vidogo sana, navyo vimetawanyika ndani ya maji. Sabuni imefanya kazi ya mshenga. Upande wake mmoja hushika mafuta, na upande wa pili hushika maji. Kwa njia hiyo maji huweza kuyabeba mafuta, na vumbi lililonata juu yake likaondoka pamoja nayo.

Basi tukumbuke jambo moja. Uchafu wa kawaida haujaingia ndani ya uzi. Umekaa juu ya nyuzi na katikati ya nyuzi. Sabuni, maji na mkono vinatosha kuutoa.

DOA HUINGIA NDANI

Sasa chomoa uzi mmoja kwenye kipande cha kitambaa cha pamba. Ufumue polepole kwa kucha. Utaona kwamba uzi huo umesokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi, nyembamba kuliko unywele. Kila unyuzi wa pamba una uwazi ndani yake, kama mrija uliobanwa. Tena pamba hupenda maji. Hiyo ndiyo sababu taulo la pamba hukausha mwili vizuri.

Kitu chenye rangi kikiyeyuka majini, huingia ndani ya unyuzi pamoja na maji hayo. Maji yakikauka, rangi hubaki. Rangi nyingine hushikana na pamba yenyewe hata zikawa kama kitu kimoja. Hilo ndilo doa. Brashi yako haifiki huko ndani. Ukizidi kusugua, unalomaliza ni shati, na doa linabaki kwenye nyuzi zilizosalia.

Usishangae. Khanga uliyojifunga imetiwa rangi kwa njia hiyo hiyo. Rangi yake imeingizwa ndani ya pamba kwa makusudi, na wewe hufurahi isipotoka. Huko Mali, Afrika Magharibi, watu hutengeneza nguo za kienyeji ziitwazo bogolanfini. Huloweka kitambaa cha pamba katika maji ya majani ya miti fulani, kisha huchora juu yake kwa tope lenye madini ya chuma. Majani na tope vikikutana ndani ya pamba hutoa rangi nyeusi isiyofutika kwa kufua. Wao huiuza nguo hiyo kwa bei nzuri. Sisi tukipata rangi ya namna hiyo kwenye shati bila kuitaka, tunaiita doa.

Kwa hiyo ukiona alama kwenye nguo, usikimbilie sabuni. Jiulize kwanza: ni kitu gani kilichomwagika hapa? Kila doa lina asili yake, na dawa ya doa moja huweza kulikomaza doa lingine. Kukomaa ndilo neno tutakalotumia. Doa lililokomaa halitoki tena.

UKAKASI

Sisi wa Rungwe tunaishi kwa ndizi na chai, basi nianze na hayo.

Utomvu wa mgomba ukitoka ni mweupe kama maji. Unapokudondokea huoni kitu. Ukifika nyumbani unakuta alama ya kahawia. Baada ya siku mbili imekuwa karibu nyeusi. Mtu husema, "Doa limekua." Ni kweli, limekua. Kata parachichi uliache wazi mezani. Baada ya muda litageuka rangi, kwa sababu hewa imelikuta. Utomvu wa ndizi nao hugeuka hivyo hivyo ukikutana na hewa, ila wenyewe hugeukia ndani ya pamba.

Ni nini kilichomo katika utomvu huo? Uma ndizi mbichi. Ulimi unakauka na mdomo unajikunja. Tunaita hali hiyo ukakasi. Kitu kinacholeta ukakasi huitwa tanini. Tanini imo katika ndizi mbichi. Imo katika chai kali, na imo katika mabibo ya korosho kule Mtwara na Lindi. Kwa hiyo nakupa kanuni rahisi ambayo ulimi wako unaijua tayari: chenye ukakasi mdomoni, kiogope kwenye nguo.

Sasa fanya jaribio la pili. Hili nalipenda kuliko yote, maana darasani kwetu lilimaliza ubishi. Mimina chai ya rangi, isiyo na maziwa wala sukari, katika vikombe viwili. Kikombe cha kwanza kikamulie ndimu. Chai itakuwa nyepesi, rangi ya asali. Kikombe cha pili tia magadi kidogo, au maji ya majivu yaliyochujwa. Chai itakuwa nyeusi zaidi.

Sabuni ya mche ina tabia ya magadi. Ndiyo maana huteleza na kukausha mikono. Mtu akiona doa bichi la ndizi au la chai, akachukua sabuni ya mche na kulipaka, amefanya kama tulivyofanya kwenye kikombe cha pili. Amelitia doa weusi, kisha anashangaa.

Afanye nini basi? Doa likiwa bichi, aliwahi kwa maji matupu mengi. Kwa chai kwenye nguo ya pamba, tandaza sehemu yenye doa juu ya bakuli. Mimina maji ya moto kutoka juu kidogo, yapite katikati ya nguo na kuisukuma chai nje. Uangalie usijichome. Chai yenye maziwa haiponi kwa maji ya moto. Ianze kwa maji baridi, na sababu yake utaisoma mbele kidogo. Kwa utomvu wa ndizi, suuza mara moja, kamulia ndimu, subiri kidogo, suuza tena. Baada ya hapo ndipo ufue kwa sabuni. Lakini nisikudanganye. Doa la ndizi lililokaa siku mbili limekwisha komaa. Utalipunguza, hutalimaliza.

Tena angalia panga. Utomvu ukikutana na chuma hutoa weusi ule ule wa wale mafundi wa Mali. Mtu anayefuta panga la ndizi kwa pindo la shati lake anatengeneza rangi, wala hajui.

Kinga yake ni nyepesi. Weka nguo moja ya kukatia ndizi, wala usiionee haya madoa yake. Kabla ya kumenya, paka mikono na kisu mafuta ya kupikia, au menyea ndani ya maji. Wapo wanaopaka doa bichi mafuta ya taa ili kuondoa ule unato. Unato huweza kulegea. Lakini nguo yenye mafuta ya taa isikaribie jiko wala kibatari.

DAMU HAIPENDI MAJI YA MOTO

Nilipokuwa nasomea cheti niliazima blauzi nyeupe ya dada mmoja tuliyelala naye chumba kimoja. Nikajikata kidole, damu ikaingia kwenye mkono wa blauzi. Nilitaka kumrudishia ikiwa safi kabisa. Nikachemsha maji, nikailoweka humo, nikatia na sabuni. Nilipoitoa, doa jekundu lilikuwa limegeuka la kahawia. Niliifua wiki nzima. Mwisho niliilipa ile blauzi kidogo kidogo kwa miezi miwili. Dada yule hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

Kosa langu lilikuwa nini? Chukua yai bichi. Ute wake unateleza, na ukiutia katika maji baridi unaweza kuukoroga. Sasa utie katika maji yanayochemka. Unaganda, unakuwa mweupe na mgumu. Hata ukiurudisha kwenye maji baridi haurudi kuwa ute.

Damu ina vitu vya jamii ya ute wa yai. Maziwa pia yanavyo. Katika maji baridi vitu hivyo hulegea na kutoka. Katika maji ya moto huganda ndani ya nyuzi za nguo. Mimi niliipika damu ile ndani ya blauzi ya mwenzangu.

Damu mbichi, iwahi kwa maji baridi. Pitisha maji kutoka upande wa nyuma wa nguo ili damu isukumwe ilikotoka. Damu iliyokauka, loweka usiku kucha katika maji baridi yaliyotiwa chumvi, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Asubuhi mwaga maji hayo, sugua polepole, kisha tumia sabuni. Usipige pasi kabla hujaona kwamba doa limetoka, kwa maana pasi nayo ni moto. Kama damu ni ya mtu mwingine, vaa glavu, hasa ukiwa na kidonda mkononi.

Sasa nataka tuzungumze jambo ambalo huwa tunalipita kwa aibu. Kina baba, msiruke sehemu hii.

Wanawake na wasichana wengi vijijini hutumia vitambaa wakati wa hedhi. Kitambaa kikifuliwa vizuri, mara nyingi hubaki na alama. Kwa sababu ya alama hiyo, mwenyewe huona aibu kukianika nje. Hukificha chini ya godoro, au hukitundika gizani nyuma ya mlango. Huko hakikauki. Ukungu huota, na vijidudu huzaana katika unyevu. Mwezi unaofuata anakivaa hivyo hivyo. Anaanza kuwashwa, anapata vipele, na wakati mwingine anapata ugonjwa unaompeleka zahanati.

Angalia basi jinsi tulivyokosea. Kitambaa kilichofuliwa kwa maji na sabuni, kikasuuzwa, kikakaushwa kabisa juani, ni kisafi hata kama kina alama. Alama ile ni rangi iliyobaki ndani ya uzi, nayo haimdhuru mtu. Kitambaa cheupe pe kilichokaa na unyevu gizani ndicho chenye hatari, ingawa macho hayaoni kitu. Macho yetu huona rangi. Vijidudu hayavioni.

Darasani kwetu tulibishana sana hapa. Bibi mmoja alisema vitambaa hivyo visionekane na wanaume kamwe, ndivyo alivyolelewa. Hatukumvunjia heshima. Tulikubaliana naye kwamba mwenye kuona haya atandaze khanga nyepesi juu ya vitambaa vyake kwenye kamba. Jua na upepo hupita, macho ya watu hayapiti. Na mama mmoja akawaambia wanaume waliokuwepo, "Ninyi mkijua kwamba alama si uchafu, sisi tutaanika." Hawakumjibu. Lakini wawili waliandika maneno hayo katika madaftari yao.

Na msichana akichafuka sketi shuleni, asichekwe. Maji baridi na chumvi vipo. Kejeli za wenzake ndizo humfanya akae nyumbani siku tano kila mwezi.

TOPE, MAWESE NA UKUNGU

Haya nitayasema kwa ufupi.

Tope jekundu, kama la Karatu, mwanzoni ni uchafu tu. Liache likauke, ulikung'ute, ulipige brashi, kisha ufue. Mwenye haraka hulisugua likiwa bichi. Udongo ule una kutu ya asili ndani yake, ndiyo inayoupa wekundu. Anapousugua na maji anaupeleka ndani ya nyuzi. Amegeuza uchafu kuwa doa kwa mikono yake mwenyewe.

Mawese, ambayo ndugu zetu wa Kigoma wanayajua sana, ni mambo mawili katika doa moja. Kuna mafuta na kuna rangi. Mafuta ni kazi ya sabuni na maji ya moto. Rangi ya manjano itabaki, nayo usiigombe. Anika nguo juani ikiwa imelowa. Jua huichuja rangi ya mawese siku hadi siku.

Ukungu ni kitu chenye uhai. Huota kwenye nguo iliyokunjwa mbichi, na huku kwetu mvua huweza kunyesha wiki nzima bila kupumzika. Ukiona vidoa vidogo vyeusi na kunusa harufu ya uvundo, toa nguo nje, ikung'ute mbali na watoto, fua kwa sabuni na uanike juani hadi ikauke kabisa. Ukichelewa, ukungu hula uzi wenyewe, na hapo hakuna dawa. Heri kulala na nguo chafu iliyo kavu kuliko nguo safi iliyokunjwa na unyevu.

KUTU, NDIMU NA HATARI YA JIK

Kutu hutoka kwenye waya wa kuanikia, misumari, vifungo vya chuma au karai lililochubuka. Rangi yake ni ya chungwa. Sabuni haiiwezi kutu. Ndimu inaiweza. Kamulia ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, weka juani. Likikauka, kamulia tena. Ndimu huiyeyusha kutu, na maji huiondoa. Mwishoni suuza sana, maana ndimu ikiachwa kwenye nguo huidhoofisha.

Watu wengi hawajaribu ndimu. Wakiona doa lolote hununua Jik. Hapa naomba usome polepole, ikibidi umsomee na jirani.

Jik ina dawa ya klorini. Haiondoi doa kwenye nguo. Huiunguza ile rangi hata isionekane. Ndiyo maana hung'arisha nguo nyeupe za pamba, na ndiyo maana huharibu khanga. Sufu na hariri huziharibu kabisa. Pamba nayo ikitiwa Jik kali mara kwa mara hulegea na kuchanika. Na kwa kutu, Jik haifai hata kidogo. Huifanya ishikilie zaidi.

Hatari kubwa ni kuchanganya. Mtu ameweka ndimu kwenye kutu. Haoni haraka doa likitoka. Anaamua kuongeza Jik juu yake. Ndimu na Jik vikikutana hutoa gesi ya klorini. Siki na Jik nazo ni hivyo hivyo. Gesi hiyo huchoma macho, koo na mapafu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi wa Aprili mwaka 1915, majeshi ya Wajerumani yaliitumia kama silaha huko Ypres, nchini Ubelgiji. Askari walikufa wakitafuta pumzi. Silaha hiyo isitengenezwe ndani ya beseni lako.

Mkojo na Jik pia hutoa gesi mbaya. Kwa hiyo nepi za mtoto zisuuzwe kwanza kwa maji mengi kabla ya kutiwa Jik. Usichanganye Jik na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Ifanyie kazi nje, penye hewa. Ukisikia inakukaba koo, acha kila kitu, ondoka mahali hapo upate hewa safi, na kama kifua kinabana nenda zahanati.

Jambo la mwisho kuhusu Jik. Madukani huku vijijini hupimwa kwa rejareja, na watu huiweka katika chupa za soda. Mtoto hajui kusoma. Anaijua chupa ya soda. Weka Jik na mafuta ya taa juu, pasipofikiwa na mtoto, katika chupa isiyofanana na ya kinywaji. Mtoto akinywa, usimtapishe. Kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa yanaweza kuingia katika mapafu. Mkimbize zahanati, na ile chupa uichukue ili mganga aione.

MASWALI NA KAZI YA KUFANYA

1. Kwa nini kola ya shati huchafuka kabla ya mgongo?

2. Fanya jaribio la vikombe viwili vya chai mbele ya watu wa nyumbani mwako. Waeleze kinachotokea. Andika sentensi tatu juu ya yale waliyokuambia.

3. Mtoto amemwagikiwa na maziwa kwenye sare ya shule. Utatumia maji ya moto au ya baridi? Toa sababu.

4. Jirani yako amepaka ndimu kwenye doa la kutu na sasa anafungua chupa ya Jik. Utamwambia nini?

5. Yule baba wa shati jeupe siku hizi anakuja darasani. Alipolisoma somo hili alikumbuka kwamba ni yeye aliyelivaa shati lile kubeba mkungu wa ndizi wa mgeni wake hadi barabarani. Andika barua fupi ambayo angeweza kumwandikia mkewe. Mkewe naye sasa anajua kusoma.